Jiwe Halina Kosa

Ukiniuliza ninachokikumbuka kwanza katika nyua za Gitega na Muyinga, miji miwili ya Burundi, nitakujibu kwamba ni sauti. Mtu anavuka ua na ndoo ya maji, mguu unakanyaga pembe ya bamba la jiwe, na bamba linabisha: ko, kisha ko tena mguu unapoondoka. Wenye nyumba wameizoea hata hawaisikii. Mgeni huisikia, hutazama chini, kisha huliruka bamba linalofuata. Sauti hiyo ni ushahidi unaostahili kusikilizwa. Bamba lililokalia tandiko lake vizuri, ukiligonga kwa mpini wa nyundo, hutoa mlio mzito na mfupi. Bamba lenye uwazi chini yake hulia kama chungu kitupu. Kabla jicho halijaona ufa wowote, sikio limeshaambiwa kwamba kuna kitu kimeondoka huko chini. Kutazama nyua za namna hii zikitengenezwa na kuharibika tena, mvua baada ya mvua, kumenifikisha kwenye hoja moja ambayo nitaitetea hapa: bamba hulegea kwa sababu ya kilicho chini yake, na matengenezo ambayo hayaliinui bamba hilo hayastahili kuitwa matengenezo.

Tuanze na kazi ya ua wenyewe, maana watu hudharau matengenezo ya kitu wanachokiona kuwa pambo. Katika miji hii miwili ua ni chumba kisicho na paa. Hapo maharage huchaguliwa na muhogo huanikwa, vyombo huoshwa, watoto huogeshwa, na viti hupangwa siku ya posa na siku ya msiba. Muyinga, mji wenye familia nyingi za Kiislamu zinazozungumza Kiswahili majumbani, ua ni mahali pa kutawadhia pia, na mwezi wa Ramadhani ni mahali pa kutandika mkeka wa futari. Hesabu ni mara ngapi kwa siku maji humwagika juu ya mawe hayo, na ni miguu ya akina nani inayopita juu yake: mtoto anayekimbia, mama aliyebeba sufuria la moto kwa vitambaa viwili, bibi anayetoka nje alfajiri kabla ya mwanga. Bamba lililoinuka kwa unene wa kidole linatosha kumwangusha bibi huyo, na mifupa ya mzee haiungi kama ya kijana. Kwa hiyo anayelitengeneza bamba analinda miguu ya watu wake kabla hata ya kufikiria sura ya nyumba.

Sasa tutazame maji, maana ndiyo mshtakiwa mkuu. Gitega imekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga nayo ni mji wa vilima, kaskazini mashariki, upande wa kuelekea Tanzania. Kiangazi ni Juni, Julai na Agosti; miezi mingine karibu yote ina mvua, na kwa mwaka mzima hushuka zaidi ya milimita 1,000. Takwimu hiyo haimgusi mtu mpaka aipeleke uani kwake. Ua wa mita za mraba 20 hupokea kwa mwaka lita 20,000 za mvua inayoangukia moja kwa moja. Nyumba ikiwa na paa la bati lenye mita za mraba 80, na nusu yake ikamwaga maji upande wa ua bila mfereji wa kuyakinga, ongeza lita 40,000. Jumla ni lita 60,000, yaani mapipa 300 ya lita 200, na maji ya paa yote huanguka kwenye mstari mmoja mwembamba, chini ya ukingo wa bati. Ndiyo maana katika nyua nyingi mabamba ya kwanza kulegea ni yale ya mstari huo. Mwenye nyumba hulaumu jiwe, hulaumu fundi, na huku paa lake mwenyewe linachimba kila alasiri ya mvua.

Maji yanafanyaje kazi yake? Udongo mwekundu wa vilima vyetu hauvimbi sana kama udongo mweusi wa mabondeni. Ubaya wake ni mwingine: ukiwa mkavu una nguvu, ukilowa hulainika, na chembe zake ndogo hubebeka kwa urahisi. Maji yakipata mwanya kati ya bamba na bamba hushuka hadi kwenye mchanga, na kama hayana njia ya kutokea hubaki yamesimama hapo chini. Kisha mtu anakanyaga. Bamba linashuka kidogo, linayasukuma maji, na maji yanatoka mwanyani yakiwa na rangi ya matope. Matope hayo ndiyo tandiko lenyewe linalohama. Kila hatua ya mguu ni pigo moja la pampu, na kila pigo hutoa kijiko kidogo cha mchanga na udongo. Baada ya misimu miwili au mitatu pembe moja inakalia hewa. Ukiona alama ya matope makavu kando ya mwanya asubuhi baada ya mvua, huhitaji shahidi mwingine: bamba hilo limeanza kupoteza kitanda chake.

Kuna pia kosa linalofanywa siku ya kwanza, nalo huiharakisha safari hiyo. Badala ya kutandaza tabaka kamili, fundi huweka mafungu matano ya udongo wa saruji, manne pembeni na moja katikati, kisha hukandamiza bamba juu yake mpaka lilingane na mengine. Kazi huenda haraka na siku ya kukabidhiwa ua huonekana umenyooka. Lakini sehemu kubwa ya bamba haikukalia chochote. Katika uwazi ule maji hupata bwawa, mchwa na siafu hupata makao, na uzito wote wa anayepita hubebwa na vifungu vitano. Kimoja kikipasuka, bamba huanza kubembea juu ya vilivyobaki, na kila likibembea huvisaga. Ukija kuliinua bamba la namna hiyo utakuta vile vifungu vimegeuka unga. Saruji, au sima kama tunavyoiita huku, haikuwa mbovu. Ilipewa mzigo wa tandiko zima ikiwa imewekwa sehemu chache tu.

Kutoka hapo tunaweza kuusoma ua kama daktari anavyomsoma mgonjwa. Bamba moja likibembea pembe kwa pembe huku jirani zake wametulia, kosa liko chini ya hilo moja: fungu limevunjika au mchanga umetoka. Safu nzima ikiwa imezama pamoja bila kubisha, kosa liko chini zaidi, kwenye udongo ambao haukushindiliwa, mara nyingi pale ulipopita mtaro wa bomba uliofukiwa haraka. Mabamba ya pembezoni yakianza kuachana kuelekea nje, ukingo hauna kizuizi, na ua unatambaa polepole kuufuata mteremko. Na mabamba mawili matatu yakiinuka kama kichuguu karibu na mparachichi, ni mzizi. Hizo ni hali nne zenye dawa nne tofauti, na anayefika na ndoo moja ya saruji kwa zote ameandika dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Utaratibu wenyewe si siri ya mafundi wakubwa. Bamba la zege la sentimita 60 kwa 60, lenye unene wa sentimita 5, lina uzito wa kilo 43 hivi. Ni kazi ya watu wawili na mtaimbo mmoja, na chini ya mtaimbo huwekwa kipande cha mbao ili bamba jirani lisimeguke. Kila bamba litiwe alama ya chaki kabla halijatoka, lirudi mahali pake na kwa upande wake, maana mawe yaliyokaa pamoja miaka mingi yamezoeana kingo. Saruji ya zamani iliyoganda mgongoni mwa bamba ibanduliwe yote. Tandiko la zamani liondolewe mpaka ardhi ngumu. Palipo laini pachimbwe, pajazwe moramu, yaani udongo wa changarawe, au kokoto zenye vumbi lake kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka lishindiliwe peke yake. Kumimina sentimita 20 kwa mpigo na kushindilia juu tu ni kujidanganya, kwa kuwa nguvu ya mshindilio haifiki chini. Kisha litandazwe tabaka kamili la mchanga uliochanganywa na saruji kidogo, fungu moja kwa sita, lenye unene wa sentimita 4 hivi na unyevu wa kutosha tu kushikamana kiganjani. Bamba lishushwe, ligongwe kwa nyundo ya mpira au kwa nyundo ya kawaida iliyowekewa ubao, na lipimwe kwa uzi na pima maji. Mwinamo uwe sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Katika ua wa mita nne hiyo ni sentimita sita au zaidi kati ya ukuta na ukingo wa mbali. Wengi hushtuka wakisikia hivyo, lakini ua uliotandazwa sawa kama meza ni bwawa linalosubiri mvua. Mwisho, mianya ijazwe na kukandamizwa hadi chini, na ua upumzike siku mbili bila kukanyagwa, ukimwagiwa maji kidogo ili saruji isikauke upesi mno kwa jua la kiangazi.

Pingamizi la kwanza nalijua, na limebeba methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nini tuinue jiwe zito ilhali ufa uko juu, unaonekana, na mwiko mmoja wa saruji unauziba kwa nusu saa? Naiheshimu methali hiyo, lakini naona tunaisoma vibaya. Methali inatuonya juu ya kuchelewa. Haikutuambia kwamba kuziba ni kupaka. Saruji inayopakwa kwenye mwanya wa bamba linalobembea huganda ikiwa ngumu kati ya vitu viwili vinavyosogea, na kigumu kilichowekwa kati ya vinavyosogea hakina la kufanya ila kupasuka. Baya zaidi, kabla haijapasuka huziba njia ya maji kutokea, na yale yaliyopenya kwingine hukaa chini muda mrefu zaidi. Pwani imeshatoa somo la aina hiyo. Kuta za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zilipopigwa lipu ya saruji, unyevu ulifungiwa ndani, lipu ikabanduka na ukuta ukaendelea kuoza nyuma yake. Ndiyo sababu wahifadhi wa mji huo hurudi kwenye chokaa. Jiwe la Zanzibar si jiwe la Gitega, lakini kosa lina mzizi uleule: ugumu wa juu uliwekwa ili kuficha unyevu wa ndani. Kuna methali nyingine inayofaa zaidi hapa: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Bamba nalo tulifungue, tutazame ndani yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na huletwa na watu wenye akili ya kujenga. Wanasema: ng'oa yote, mimina zege ua mzima, umalize habari. Kusema kweli zege nzuri juu ya msingi mzuri ni kitu imara. Lakini tuhesabu. Ua wa mita za mraba 20 kwa unene wa sentimita 10 unahitaji mita 2 za ujazo, na kila mita ya ujazo inameza mifuko 6 ya saruji au zaidi, kwa hiyo unaanzia mifuko 12. Mabamba sita yaliyolegea, ya ukubwa niliotaja, yana eneo la mita za mraba 2 na kidogo. Tandiko lake na mianya yake vitatumia karibu nusu mfuko. Mifuko 12 kwa nusu mfuko: katika nchi ambako saruji huadimika na bei yake hupanda, tofauti hiyo ni karo ya mtoto. Kisha kuna la pili. Zege ikimiminwa juu ya udongo uleule uliolegea, bila kushindiliwa na bila mwinamo, itapasuka palepale mabamba yalipokuwa yakizama, na safari hii hutaweza kuinua kipande kimoja ukakirudisha. Utaivunja kwa nyundo na kuitupa. Bamba lina heshima hiyo ambayo zege iliyomiminwa haina: linakubali kutolewa na kurudi.

Heshima hiyo imeshajulikana hata na waliopanga barabara zetu. Kuanzia miaka ya 2000 Burundi, kwa fedha za Benki ya Dunia na kupitia ABUTIP, wakala wa kazi za umma, ilitandaza mitaa kadhaa ya mijini kwa pave, yale mawe yaliyochongwa kwa nyundo na kupangwa kwa mkono juu ya mchanga. Mradi mmojawapo ulitaja ajira katika jina lake, kwa sababu jiwe linahitaji wachongaji, wapangaji na washindiliaji, wakati lami inahitaji mitambo na bidhaa inayonunuliwa nje. Lakini faida iliyonivutia zaidi ni ya baadaye: mtaa wa pave unaweza kufunguliwa ili bomba lipite, na mawe yaleyale yakafunga jeraha. Na hapo hapo pana ushahidi wa hoja yangu. Pale ambapo mtaro ulifukiwa kwa udongo usioshindiliwa, mawe hurudi yakiwa mazima kabisa na bado huzama, yakichora mtaro wote juu ya barabara kama kovu. Jiwe ni lilelile, fundi wa kupanga ni yuleyule. Kilichobadilika ni kitanda. Huwezi kupata jaribio lililo wazi kuliko hilo.

Pingamizi la tatu linagusa moyo, na nisingependa kulijibu kwa haraka. Wapo wanaosema kwamba katika nchi ambako wengi wanahangaikia chakula na mbolea, kuzungumzia mabamba ya uani ni anasa. Wazee wetu waliishi rugoni, ndani ya boma lao, juu ya udongo mtupu na hawakukosa kitu. Naafiki nusu ya maneno hayo. Udongo uliopondwa vizuri na kufagiwa kila asubuhi ni sakafu ya kweli, na aliye nao asione haya. Lakini tukumbuke ulidumu kwa sababu gani. Ulifagiwa kila siku, ulinyunyiziwa maji, ulipigwa upya ulipobonyea, na maji ya mvua yalichimbiwa njia. Wazee hawakuwa na mabamba, ila walikuwa na mazoea ya kutunza kilicho chini ya miguu yao. Sisi tulinunua jiwe tukadhani tumenunua ruhusa ya kusahau. Mabamba sita kurudishwa mahali pake kwa nusu mfuko wa saruji, mchanga wa kijito na siku moja ya watu wawili ni matumizi ya anayejua thamani ya fedha. Anasa ni kununua mabamba mapya kila miaka mitano.

Haki inanitaka niseme pia mipaka ya hoja hii. Bamba lililopasuka katikati halirudi uzima kwa kuinuliwa; libadilishwe, au vipande vyake vitumike kwenye kingo. Mzizi wa mti mkubwa haukatwi ovyo, maana mti unaoshikilia kilima una thamani kuliko ua. Ni afadhali bamba lisogezwe na mti upewe nafasi yake. Na ikiwa zaidi ya nusu ya ua inabisha, tatizo si la bamba hili au lile: msingi wote ulikosewa, na kuinua moja moja kila mwaka kutagharimu kuliko kuinua yote mara moja. Hata hivyo, katika hali hizo zote dawa inaanzia palepale, chini, na mawe mengi yatatumika tena.

Ugumu mkubwa kuliko yote uko kwenye malipo, maana tunalipa tunachokiona. Fundi aliyetumia siku nzima kuchimba, kubeba moramu na kushindilia, jioni ana kitu gani cha kuonyesha? Shimo lililojazwa. Fundi aliyepaka saruji kwenye mianya yote ana ua unaong'aa. Mwenye nyumba akimsifu wa pili na kumlalamikia wa kwanza kwamba amechelewa, ameshachagua aina ya kazi atakayofanyiwa maisha yake yote, na amewafundisha vijana wanaobeba mchanga kwamba ustadi ni wa juu tu. Tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa mwanzoni mwa 2019, mji unaendelea kujengwa, na Muyinga nayo inakua kando ya njia ya malori yanayoingia kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Mafundi wengi wanajifunza kazi katika miaka hii. Watakachojifunza kinategemea sana tutakachokilipia. Kwa hiyo patana na fundi kwa hatua: malipo ya kuinua na kushindilia yawe peke yake, ya kutandaza peke yake, na mwenye nyumba awepo kutazama shimo kabla halijafunikwa. Hilo halimvunjii fundi heshima. Fundi mwema hupenda kazi yake ya chini ionwe, kwa kuwa kesho hakuna atakayeiona.

Basi mwezi wa Agosti, kabla ya mvua kurudi, fanya jambo moja. Vua viatu, pita juu ya ua wako wote, kanyaga kila bamba pembe zake nne, na usikilize. Linalobisha litie alama ya chaki. Tazama ukingo wa bati unamwaga wapi, na maji yakifika uani yanatokea wapi. Kisha mwite fundi na mtaimbo wake, mwinue jiwe pamoja, mtazame kilicho chini. Jiwe halina kosa. Lirudishieni kitanda chake, nalo litatulia chini ya miguu ya wajukuu wenu.